Goma: «Angine» ya kifua si ya koo, baba wa chukudu alikaribia kufa juu ya neno moja

Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji wa Goma. Ni mwezi wa nane mwaka 2024. Baba mmoja wa miaka 56, mkimbizi wa vita kutoka Kibumba, anarudi hemani akiwa na karatasi ya muganga mkononi. Yeye hakusoma sana. Anampa mtoto wake wa kiume, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari, amsomee. Mtoto anatazama maandishi yale ya haraka, anaona neno moja analolijua.

«Papa, wameandika angine. Ni ule ugonjwa wa koo mama alikuwa nao mwaka jana.»

Nyumba nzima ilipumua. Ugonjwa wa koo hauogopeshi mtu. Pesa zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya makala zikatolewa, mtoto akaenda kando ya barabara kununua amoksisilini kwa muuzaji mwenye kibeseni kichwani. Baba akameza siku tano, asubuhi na jioni, bila kukosa. Koo lake halikuwa limeuma hata siku moja, lakini nani angebishana na karatasi ya muganga?

Siku ya sita, akipandisha bidon ya maji ya lita 20 juu ya mawe ya volkano, aliketi chini ghafula, mkono kifuani, jasho baridi likimtoka. Wapita njia walidhani amelewa.

Karatasi ilikuwa na maneno matatu, si moja. Iliandikwa «angine de poitrine».

Mtoto yule hakuwa mjinga. Kwa Kifaransa, lugha ambayo waganga wetu wanaandikia, neno angine likiwa peke yake ni koo lililovimba, ugonjwa ambao kila mzazi wa Kongo anaujua. Likifuatwa na kifua, ni moyo unaokosa damu ya kutosha. Maneno yote mawili yanatoka katika Kilatini, na maana yake ya zamani ni kukabwa, kunyongwa. Ugonjwa mmoja unakaba koo, mwingine unakaba kifua. Mwaka 1768 huko London, muganga William Heberden aliwaeleza wenzake juu ya watu wanaoshikwa na maumivu haya wakiwa wanatembea, zaidi wakipanda mlima na wakiwa wametoka kula, kiisha maumivu yanapotea wakisimama. Ni yeye aliyeupa ugonjwa huu jina lake, na jina hilo limefika mpaka ndani ya hema la Kanyaruchinya bila mtu wa kulifafanua. Hapa lawama haiwezi kumwendea mtoto wa shule. Muganga aliyeandika angechukua nusu dakika tu kusema kwa kinywa: «Papa, ni moyo.»

Kwa kweli baba huyu alikuwa mgonjwa kabla ya karatasi ile. Tangu ujana kazi yake ilikuwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kiti wala mnyororo ambayo mji wa Goma umeijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Kutoka Kibumba alikuwa akishuka na viazi, mashu na mbao, mteremko ukimbeba zaidi ya kilomita 20 mpaka mjini. Kurudi ndiko kulikuwa kazi. Kurudi ni kusukuma, kichwa chini, chukudu imebeba chumvi, sabuni na mafuta ya watu. Vita vilipofika Kibumba mwishoni mwa mwaka 2022, alikimbia na chukudu hiyohiyo ikiwa imebeba magodoro mawili na mama yake mzazi. Kambini aliendelea kuisukuma kwa kubebea watu maji na kuni.

Katikati ya mwaka 2023 alianza kusikia kitu. Akifika kwenye mpando, kifua kilikuwa kizito, sawa vile mtu amemwekea gunia la makala juu yake. Uzito ulipanda mpaka kwenye taya, ukashuka katika mkono wa kushoto mpaka vidole. Alisimama, akaegemea chukudu, akavuta pumzi. Baada ya dakika tatu ao tano ulipita. Akawasha sigara, akaendelea.

Kila mtu alikuwa na jina la kuupa ugonjwa ule. Wenzake wa chukudu walisema ni uchovu. Muuza dawa wa pembeni alisema ni rimatizimu ya bega, akamuuzia diklofenaki. Shemeji yake alisema ni gastriti, maana Goma kila maumivu kati ya kitovu na shingo ni gastriti. Bibi yake aliogopa zaidi. Yeye aliona ni karuho, sumu. Alikumbuka kwamba maumivu ya kwanza yalikuja siku chache baada ya mumewe kunywa kasiksi kwa mama wa hema la jirani. Hakusema kwa sauti, lakini alikataza watoto kula kwa yule mama. Watoto wakasema. Baada ya wiki mbili hema mbili zilizokuwa zikikopeshana chumvi hazikusalimiana tena, na mtu wa kamati ya wakimbizi alilazimika kuja kuketi kati yao. Kila anayeishi Kivu anajua neno karuho linaweza kumfikisha wapi mama mmoja asiye na ndugu kambini.

Baada ya siku ile ya bidon, alipelekwa kituo cha afya kingine. Muganga mwanamke aliyempokea hakuanza na dawa. Alimuuliza: maumivu yanakuja wakati gani, na yanaondoka wakati gani? Hilo ndilo swali kubwa. Rimatizimu ya bega inauma ukigeuza mkono ao ukibonyeza pale panapouma. Gastriti inafuata chakula na njaa. Lakini uzito wa kifua unaokuja kila ukifanya kazi ya nguvu, kila ukipanda, ao ukikasirika sana, na kuondoka ukipumzika dakika chache, hapo moyo ndio wa kwanza kushukiwa.

Alimweleza hivi. Moyo ni msuli, na msuli unakula damu. Unalishwa na mishipa yake wenyewe, myembamba, inayouzunguka kwa nje. Kwa miaka mingi mafuta mabaya ya damu, yaani kolesteroli, yanajipaka ndani ya kuta za mishipa ile na kufanya magamba, na njia inakuwa ndogo sawa vile mpira wa maji uliojaa matope. Mtu akiketi, damu ile kidogo inatosha. Akisukuma chukudu, moyo unapiga mbio, unataka damu mara nyingi zaidi, njia haipitishi. Hapo msuli unalia. Akisimama, kilio kinanyamaza, lakini njia bado ni ndogo.

Muganga alipochukua tansio alikuta 170 kwa 100. Sukari ya damu ilikuwa sawa. Alimtuma mjini kupimwa moyo kwa mashine ya umeme. Kipimo hicho kinaweza kutoka kizuri kabisa mtu akiwa amelala pale bila maumivu, kwa hiyo matokeo mazuri peke yake hayatoshi kumwambia mgonjwa aende nyumbani. Chake kilionyesha kwamba kuna shida.

Kisha zikaja dawa. Ni vizuri kuzifahamu moja moja, kwa sababu wagonjwa wengi wanachanganya ile inayotuliza maumivu na zile zinazowalinda wasife.

Inayotuliza ni trinitrini. Haimezwi. Inawekwa chini ya ulimi, inayeyuka, na kwa dakika chache inapanua mishipa ya damu, moyo unapata nafuu. Mgonjwa lazima aketi kwanza. Baba huyu mara ya kwanza aliiweka akiwa amesimama kando ya chukudu, tansio ikashuka, akapepesuka mpaka vijana wakamshika. Kichwa kilimgonga sana pia. Aliamua dawa ni mbaya, akataka kuitupa. Alirudishiwa maelezo: kuumwa kichwa ni kawaida kwa dawa hiyo, kwa sababu inapanua na mishipa ya kichwani, na kwa wengi kunapungua wakizoea. Kitu cha kuogopa ni kingine. Mwenye kutumia trinitrini asiguse kabisa dawa za nguvu za kiume zinazouzwa barabarani, na mwenye kuzimeza jana asiweke trinitrini leo. Mbili hizo zikikutana tansio inaweza kuanguka mpaka mtu afe. Wanaume hawasemi mambo haya mbele ya muganga mwanamke. Waseme tu.

Kuna jambo juu ya dawa hii ambalo mtoto wa sekondari alilipata katika simu na kuwasomea wote jioni. Trinitrini ni kitu kilekile kinachotengenezewa dinamiti. Muganga Mwingereza William Murrell ndiye aliyeandika mwaka 1879 namna inavyosaidia kifua, na Alfred Nobel, yule mwenye kutengeneza dinamiti, aliandikiwa dawa hiyo na waganga wake mwaka 1896, miezi michache kabla ya kufa. Bibi yake aliposikia aliuliza kama kichupa kile kinaweza kulipuka hemani. Hapana, kiasi kilichomo ni kidogo mno. Lakini joto na mwanga vinaiharibu. Chini ya turubai, saa saba mchana, dawa inakufa pole pole na mgonjwa hajui. Inapaswa kukaa katika kichupa chake cha kioo, kimefungwa vizuri, mahali pa baridi, si kwenye mfuko wa shati unaogusa mwili.

Dawa za kila siku alizopewa zilikuwa tatu. Ya kwanza atenololi, inayopunguza mbio za moyo ili usidai damu nyingi. Mwenye asma aiseme mapema, kwa maana dawa za jamaa hii zinaweza kumfunga pumzi. Ya pili aspirini, si ile ya kuumwa kichwa ya miligramu 500, bali kiasi kidogo cha miligramu 100, ili damu isigande kwenye magamba yale. Aliyewahi kutapika damu ao mwenye kidonda cha tumbo asiianze bila kumwambia muganga. Ya tatu simvastatini, inayopunguza kolesteroli. Hiyo mtu hasikii chochote akiimeza, ndiyo maana wengi wanaiacha. Wengine wanapewa amlodipini, inayosaidia tansio na kifua pamoja, ingawa inaweza kuvimbisha miguu.

Na diklofenaki ya muuzaji wa pembeni? Muganga aliichukua na kuitia ndani ya pipa la takataka. Mwaka 2013 shirika la Ulaya linalosimamia dawa lilitangaza kwamba wagonjwa wa moyo wa namna hii hawapaswi kuitumia, kwa sababu inaongeza hatari ya mshipa wa moyo kuziba. Baba huyu alikuwa ameimeza karibu mwaka mzima, akilipia kwa pesa zake.

Aliambiwa pia aache sigara. Alikuwa akivuta tangu miaka 17, na kati ya mambo yote aliyokuwa nayo, hilo ndilo aliloweza kuliondoa mwenyewe bila kununua kitu. Umri hauondolewi. Baba yake mdogo aliyeanguka shambani na kufa papo hapo, akiwa bado na nguvu, haondolewi katika damu ya ukoo. Chumvi, kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo kimoja, na hapo makayabu na kile kidonge cha mchuzi tayari vimehesabiwa. Lakini kumwambia mkimbizi apunguze makayabu, ale matunda na samaki wabichi, ni maneno ya mtu mwenye soko karibu na mfuko uliojaa. Bibi yake alifanya alichoweza: makayabu aliyalowesha usiku kucha na kumwaga maji mara mbili, na alipika sombe bila kuongeza chumvi. Watoto walinung'unika mwezi mmoja.

Yeye mwenyewe bibi hakuulizwa kitu, na hapo pana kosa. Anapika kwa makala ndani ya hema lililofungwa juu ya mvua, na moshi ule unaharibu mishipa ya moyo pia, hata kama hajawahi kushika sigara. Wanawake, zaidi wakishapita umri wa kuzaa, wanashikwa vilevile. Kwao mara nyingine si uzito wa kifua. Ni pumzi fupi, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, maumivu ya mgongo ao ya taya. Na malaria inayomaliza damu inaweza kuamsha maumivu haya kwa mtu ambaye mishipa yake tayari ni myembamba. Ugonjwa huu si wa wazungu na wanene peke yao. Mwaka 2021 mishipa ya moyo kuziba iliua watu zaidi ya milioni 9 duniani. Hakuna ugonjwa mwingine uliofikia hapo.

Kuanzia Septemba 2024 mpaka Noeli alikuwa vizuri. Aliacha kusukuma mizigo mikubwa. Trinitrini alikuwa akiiweka chini ya ulimi kabla ya kupanda mpando, kama alivyofundishwa, si kungoja maumivu.

Siku za mwisho za Januari 2025 vita vilifika Goma. Familia ilikimbia Kanyaruchinya usiku, ikaingia mjini, ikalala katika shule moja ya mtaa wa Majengo pamoja na mamia ya wengine. Mama mzazi alibebwa, watoto walihesabiwa, bidon mbili zilikumbukwa. Dawa zilibaki katika mfuko uliotundikwa juu ya mti wa hema.

Wengi hawajui hatari iliyokuwa pale. Atenololi ikiachwa ghafula, moyo uliokuwa umetulizwa unarudi mbio kuliko mwanzo. Muganga akitaka kuiondoa anaipunguza pole pole, kwa siku nyingi. Baba huyu iliondolewa na risasi. Siku ya nne, saa nane za usiku, akiwa amelala kwenye sakafu bila kufanya kazi yoyote, kifua kilikaba. Dakika tano zikapita, kumi, ishirini. Hapakuwa na mpando wa kusimama chini yake.

Maumivu yanayokuja mtu akiwa amepumzika, ao yanayozidi ukali na idadi kuliko zamani, ao yanayopita robo saa, si yale ya kuegemea chukudu na kungoja. Mshipa unaweza kuwa unaziba. Mwenye trinitrini aketi, aweke kidonge kimoja chini ya ulimi, na baada ya dakika tano kama bado, safari ya hospitali ianze hapohapo. Anaweza kuweka cha pili na cha tatu njiani, si zaidi. Aspirini ya miligramu 300 hivi itafunwe, si kumezwa nzima, kama mgonjwa hana mzio nayo wala hatoki damu. Asitembee kwa miguu. Asipewe maziwa wala mafuta ya kutapisha sumu.

Katika shule ile alikuwemo muuguzi mzee, mkimbizi naye, aliyekuwa na aspirini tatu katika kanga yake. Alimtafunisha moja yenye miligramu 500 iliyovunjwa nusu. Barabara haikupitika mpaka asubuhi. Hospitali za mji zilikuwa zimejaa majeruhi, na mtu asiye na tundu la risasi alionekana mzima. Muuguzi mzee alimsindikiza, akasimama mlangoni, akasema kwa Kifaransa na kwa sauti kubwa maneno yote matatu, bila kukata lolote. Walimpokea. Alikaa kitandani siku sita, kisha nafasi yake ikahitajika.

Mwezi wa pili makambi yalivunjwa na familia ikarudi Kibumba, juu ya shamba lisilolimwa zaidi ya miaka miwili. Chukudu inasukumwa na mtoto sasa, siku zisizo za shule. Baba anashuka Goma mara moja kwa mwezi juu ya pikipiki kununua vidonge, na mwezi ambao viazi havijauzwa ananunua vya wiki mbili, akianza na atenololi na aspirini, simvastatini ikibaki pesa zikibaki. Vidonge vya siku kumi na karatasi yenye majina na uzito wa kila dawa vimeshonwa ndani ya kitambaa kimoja pamoja na kadi yake ya mpiga kura, na bibi yake ndiye anayevaa kitambaa hicho kiunoni, hata akienda shambani.

Yule mama wa kasiksi naye amerudi, anaishi nyumba ya nne kutoka barabarani. Bibi yake alienda kwake na kilo mbili za maharagi kumwomba msamaha. Aliyapokea maharagi, akamkaribisha aketi, wakaongea juu ya mvua. Watoto wanacheza pamoja tena, lakini kwake bado hawali.